Nyuki za Anko na Wale Wadogo wa Mukau

Na nani alisema lazima nyuki aume ndio aitwe nyuki? Nilimwambia anko hivyo hivyo, mbele ya cucu, sufuria ya kunde ikiwa katikati yetu, kwa sababu alikuwa ametoka tu kusema kwamba mdudu asiye na sindano ni nzi, na hakuna mahali duniani watu wanaacha kukata mti ati kwa sababu ya nzi.

"Mbu anauma," nikasema. "Kupe anauma. Siafu anauma. Kwani hao ndio unafuga kwa mzinga?"

"Kasichana, wewe umesoma mpaka ukapitiliza," akasema. "Nyuki ni kitu ya kuheshimiwa. Hiyo yako nikiipiga kofi inakufa."

"Hata yako ukiipiga kofi inakufa, anko."

"Inakufa, lakini inaniachia kitu ya kuikumbuka nayo."

Cucu akacheka na mdomo umejaa. Cucu ni mama yake anko na mama ya baba yangu, na anacheka upande wowote wenye utani mzuri, haangalii nani ana haki. Anaongea Kimbeere tu, kwa hivyo hapa maneno yake nayaleta kwa Kiswahili na yanapoteza pilipili kidogo.

Ubishi wetu ulikuwa juu ya mti mmoja. Chini ya shamba letu, karibu na mto ambao una maji miezi mitatu kwa mwaka na mchanga miezi mingine yote, kuna mukau mkubwa umesimama peke yake. Mukau ni mti wenye watu wa Mbeere wanapenda kuchonga mizinga, kwa sababu mbao yake haipasuki ovyo na mchwa wanaiogopa. Anko alitaka huo mti achonge mizinga mipya. Na ndani ya huo mti, kwa ufa ulio usawa wa bega langu, walikuwa wanakaa nyuki wangu wadogo, wale wasiouma. Anko alikuwa amekuja jioni hiyo kutuambia fundi wa pawa-so, ule msumeno wa injini, atafika kesho asubuhi saa mbili. Hakuja kuuliza.

Sasa, nyuki za anko. Watu wa Kiritiri wote wanajua anko ni mfugaji wa nyuki. Wanajua kwa sababu amewaambia. Babu alipofariki alimwachia mizinga yake, ile ya magogo, imening'inia kwa migunga kutoka kwetu mpaka karibu na kilima, kila mmoja una alama ya nyumba yetu imechomwa na chuma. Anko hajaongeza hata mmoja. Lakini alienda semina moja akapewa ovaroli nyeupe ya nyuki, na kofia yenye wavu, na glavu, na tangu siku hiyo amekuwa mtaalamu. Hiyo ovaroli huwa anaifua kila baada ya wiki mbili na kuianika kwa ua wa mbele, upande wa barabara, ili watu wakipita waone huwa inachafuka kazini. Uchafu wa wapi? Mizinga iko tupu. Mmoja una mjusi. Mwingine una panya, na huyo panya ndiye mfugo wa anko ambaye amekaa kwa muda mrefu zaidi.

Sikatai, nyuki kubwa huja. Mvua ikinyesha na migunga ikatoa maua, zinafika kama wageni wa harusi, na kelele, na fujo, na kila mtu anaambiwa asipite njia fulani. Anko anapiga simu kwa watu, anatembea kifua mbele. Halafu jua la mwezi wa nane linaanza, maua yanaisha, na hao wageni wanakumbuka wana kwao. Niliwaona kwa macho yangu mwaka nilipomaliza fomu foo. Siku mbili zilikuwa zinazunguka mdomo wa mzinga kama watu wa mkutano wa barabarani. Siku ya tatu zikapaa zote, malkia wao katikati, zikaelekea juu, upande wa Embu mjini, huko kwa kahawa na migomba na mvua ya mlima. Ziliacha masega makavu na nondo. Anko alikuwa amesimama chini na ovaroli yake, anaangalia juu, mdomo wazi.

"Zitarudi," akasema.

Na kwa kweli zitarudi. Chakula kikirudi.

Mimi nilisomeshwa insha ya Kiswahili miaka kumi na mbili, na kila mwaka kulikuwa na mtu mwenye bidii kama nyuki. Niliiandika mimi mwenyewe, nikapewa alama. Hakuna mwalimu hata mmoja alituambia huyo mwenye bidii huwa anatoroka. Nilipokuwa fomu thrii, mwalimu wa baiolojia alichora nyuki ubaoni, kichwa, kifua, tumbo, sindano, tukanakili. Nikainua mkono nikamuuliza kama kuna nyuki wasio na sindano. Akasema hiyo haiko kwa silabasi. Darasa likacheka, nikakaa chini. Nyumbani kwetu watoto wa darasa la kwanza wanajua kwamba hao nyuki wako. Mwalimu alikuwa ametoka mjini na alikuwa na digrii.

Hawa wadogo niliwapata kwa sababu ya mbuzi. Nilikuwa nimemaliza shule, nasubiri matokeo, halafu nasubiri kitu chenye sikijui, na kazi yangu ilikuwa kupeleka mbuzi chini. Mimi si mtu wa kusubiri. Kukaa kwa jiwe kuangalia mbuzi ikila ni kama kutazama rangi ikikauka kwa ukuta, tofauti ni kwamba rangi haitoroki ikaingia kwa mtama wa jirani. Siku moja nikaona kwa ufa wa kisiki cha mti mwingine, si huu mukau, karija kadogo, kama mrija wa soda, kametokeza nje, rangi ya chai ya rangi, unene wa kalamu. Nikadhani ni gundi ya mti. Nikainama. Kwa mdomo wa hako karija kulikuwa na vichwa vitano au sita, vyeusi, kila kimoja kama punje ya mchele, vimejipanga vinaniangalia, kama watoto wakichungulia mgeni dirishani. Nikasogeza kidole. Vichwa vikaingia ndani. Nikatoa kidole. Vichwa vikatoka.

Nikasahau mbuzi. Jirani aliniambia maneno jioni hiyo yenye siwezi kuandika.

Hapo kwa hicho kisiki ndipo nilifanya ujinga wangu, na lazima niuandike, kwa sababu itakuwa aibu nimcheke anko na nijiache mimi. Nilikaa nao wiki mbili tu. Baada ya wiki mbili nikajiona najua. Nilikuwa nimeona anko na babu wakitoa asali kwa mzinga tangu nikiwa mdogo, unapuliza moshi, unafungua upande mmoja, unatoa masega, unaacha upande wa pili kwa wenyewe. Nikasema hawa ni nyuki pia. Nikachukua panga, nikachukua kijiko na kikombe, nikawasha mavi ya ng'ombe, nikapanua ule ufa.

Hakuna upande wa pili. Hiyo ndiyo kitu sikujua. Nyuki kubwa zina masega yamepangwa kama vitabu kwa rafu, unatoa kitabu kimoja vingine vinabaki vimesimama. Hawa wadogo hawajui rafu. Wanatengeneza vyungu vidogo vya nta, vya mviringo, kila kimoja kama njugu karanga, vimeshikana vimepandana, vingine vya asali, vingine vya chavua, na katikati ndiyo watoto wamelala, na nyumba nzima imefunikwa na magamba membamba ya nta, kama kitunguu. Kijiko kilipoingia, yote yalikuwa uji. Asali, chavua, watoto, mchanga. Nilipata nusu kikombe ya kitu kichungu kichachu. Na nikamwona malkia. Nilimjua kwa tumbo. Malkia wao akishaanza kutaga, tumbo linakuwa kubwa mpaka mabawa hayawezi kumbeba tena. Alikuwa anajikokota kwa mbao akitafuta mahali pa kuingia. Hawezi kuruka. Hawezi kuenda Embu kwa kahawa. Nikafunika na matope nikaenda nyumbani.

Kesho yake sisimizi walikuwa wamepanga laini kutoka chini mpaka kwa ufa. Siku ya tatu hakukuwa na kichwa hata kimoja mlangoni.

Nilimwonyesha cucu kile kikombe. Akaonja, akatema, akaniangalia.

"Miaka hiyo yote ya shule," akasema, "umebomoa nyumba ya watu na kijiko cha chai."

Sikulala vizuri kwa siku nyingi, na sisemi hivyo ili nihurumiwe. Nilistahili.

Halafu cucu akanieleza, akichambua ndengu, bila kunipa nafasi ya kujitetea. Zamani asali ya hawa wadogo ilikuwa ya wanawake. Mizinga ya juu ilikuwa ya wanaume, kwa sababu mwanamke hapandi mti, watu wangesema amewavulia nguo. Lakini hawa wadogo wanakaa chini, kwa visiki na mashina, mahali mwanamke anafika akiwa amesimama. Unatoboa katundu kadogo na kijiti pembeni, si mlangoni, unatoa vyungu vitatu vinne vya asali peke yake, unaziba na nta yao wenyewe na udongo juu, sisimizi wasinuse. Ilikuwa dawa ya mtoto mwenye kikohozi, na ya mama aliyejifungua.

"Na wanaume hawakuitaka?"

"Walisema si asali. Hakuna mtu ameanguka kwa mti akiitafuta, itakuwaje asali?"

Baada ya hapo nikatafuta wengine karibu miezi mitatu, nikapata hawa wa mukau. Mara hii sikugusa. Nilinunua daftari nikawa naandika saa wanatoka na saa wanarudi, na kila jioni nilikuwa na kitu ya kumwambia cucu na yeye alikuwa na kitu ya kunicheka nayo. Wanaamka jua likishapanda, saa tatu hivi, kama watu wa ofisi. Nyuki za anko zinaamka na giza, hiyo nakubali. Lakini jioni, hawa wadogo wakisharudi wote, wanavuta mdomo wa karija wanaufuma na nta mpaka unakuwa kama wavu wa chai, pumzi inapita, mdudu hapiti. Nyuki kubwa zinalala mlango wazi zikitegemea sindano. Na hiyo sindano yenye anko anaiheshimu hivyo, ikishaingia kwa ngozi yako inabaki na matumbo ya mwenyewe. Hebu fikiria mlinzi ambaye akirusha rungu mara moja anakufa. Hawa wangu adui akiingia wanamzungushia utomvu wa mti, wanamgandisha hapo hapo mlangoni, kazi inaendelea. Niliona mende mdogo amekaa hapo kwa ukingo kama sanamu wiki mbili.

Na jua la mwezi wa nane likaja, na mizinga yote ya anko ikanyamaza, na mimi nikawa naenda kila siku na moyo mkononi. Walipunguza safari. Walitoka wachache, walifuata tumaua tudogo twa magugu twenye hakuna mtu anatuangalia, tule twa kando ya mchanga, na vitunguu vya cucu vilivyokuwa vimetoa maua. Lakini hawakuhama. Mvua ilipokuja mwezi wa kumi vichwa vilikuwa mlangoni.

Kuna jambo lingine niliona, na hilo ndilo lilinifanya niwe wa kwao kabisa. Nyuki kubwa zikigawanyika, mama mzee anachukua nusu ya watu anaondoka, anaachia binti nyumba. Yaani siku moja mko wengi, kesho mama hayuko. Kwa hawa wadogo, anayetoka ni binti. Na hatoki hivi hivi. Kwanza wenzake wanatafuta ufa mwingine karibu, wanaanza kubeba. Niliwaona wakienda na kurudi kutoka kwa mukau mpaka kwa mgunga mmoja hapo karibu, siku baada ya siku, wamebeba nta ya nyumbani kwa miguu ya nyuma, wanajenga karija, wanapeleka chakula. Mpaka kila kitu kiwe tayari ndio binti anaenda, na hata baadaye bado wanapelekeana. Nilimwambia cucu, akasema, "Hao walilelewa vizuri."

Basi nikaweka alama. Huku kwetu ukipata nyuki msituni unaweka alama ya nyumba yenu kwa mti, na mwingine akipita hagusi, hata kama ana njaa. Nikachora alama ya babu na ncha ya kisu, kidogo tu, chini ya ufa. Nilichora vizuri. Nilidhani ni kitu ya kujivunia.

Anko aliiona mchana wa siku ile ile tunayoizungumzia. Alikuwa ameenda kupima mukau na hatua, aone utatoa mizinga mingapi. Nilikuwa hapo na mbuzi.

"Nani amechora hii?"

"Ni mimi."

"Alama ya nyumba inachorwa na mtu wa kubeba nyumba. Wewe utaolewa mjini Maua huko na mtu wa miraa, utaenda na alama yetu kwa pickup?"

"Tunyuki hawa si wa Maua, anko. Ni wa hapa."

"Tunyuki!" akasema. "Hebu tuone hiyo mali."

Na hapa naomba mtu asiseme natia chumvi. Anko alirudi nyumbani, akaja baada ya nusu saa amevaa ovaroli nyeupe, kofia na wavu, glavu mpaka kwa kiwiko, gambuti, na kifaa cha moshi mkononi. Saa saba ya mchana. Jua la Mbeere. Kwa nyuki ambao hawana sindano. Alikuja polepole, akitembea upande upande, kama mtu anakaribia ndovu. Mbuzi wote waliacha kula.

"Hawaumi, anko," nikamwambia.

"Nyamaza. Hiyo ndiyo watu husema."

Akapuliza moshi. Moshi kwa nyuki kubwa unazifanya zishibe asali zitulie. Hawa wadogo wakipulizwa wanakasirika tu, wakatoka wote, wakawa kama vumbi kwa hewa. Anko akangoja kuumwa. Hakuumwa. Akangoja tena. Jasho lilikuwa linatiririka ndani ya wavu, naliona. Mwishowe akaamini, akacheka ile kicheko ya mtu mkubwa, akavua kofia.

"Kweli ni nzi," akasema.

Hawa wadogo hawana sindano, lakini wana akili. Wanaingia mahali pa joto na giza. Waliingia kwa nywele zake, kwa masikio, kwa pua, mmoja kwa kona ya jicho, na kila aliyeingia alikuwa na utomvu wake wa kunata na meno yake madogo ya kuvuta nywele moja moja. Anko akapiga kichwa chake makofi. Akapiga masikio. Akatupa kile kifaa cha moshi. Akakimbia na gambuti mchangani, ovaroli ikifanya fwa fwa fwa, na alikuwa anaita jina la mama yake. Nilikaa chini. Sikuweza kusimama kwa kucheka. Kama ningekuwa na akili ningejizuia, kwa sababu aligeuka mara moja tu, mbali kule, akaniona.

Ndio maana jioni akaja kusema fundi wa pawa ni kesho. Kabla ya hapo ilikuwa ni siku moja, mvua ikiisha, tutaona. Hiyo tarehe niliinunua mimi mwenyewe na kicheko changu.

Kwa hivyo hapo kwa kunde nilijaribu kila kitu. Nilisema kuna mikau mingine juu. Akasema hiyo imepinda. Nilisema mizinga iko mingi na iko tupu, anataka mingine ya kuweka nini, panya wa pili? Cucu akakohoa. Nikaona hiyo haisaidii. Ndipo nikakumbuka kesi ya jirani.

Jirani wetu wa upande wa juu alitaka kukata mgunga kwa shamba lake mwenyewe, achome makaa. Anko alikuwa na mzinga mmoja wa babu kwa huo mgunga. Alileta wazee, akasimama mbele yao, na nilikuwepo nikisikia, akasema mti ni wa shamba lakini mzinga ni wa mwenyewe, na mti wenye mzinga wa mtu haukatwi mpaka huyo mtu aushushe na mkono wake. Wazee wakakubali. Jirani alirudi nyumbani na panga yake. Mpaka leo huo mgunga umesimama na jirani ananunua makaa sokoni kama mtu wa mjini. Na huo mzinga ndio ule wa mjusi.

"Uliwaambia wazee hivyo," nikasema. "Au si wewe?"

"Ni mimi, na ni kweli."

"Basi mukau una nyuki wa mtu."

"Una tundu," akasema. "Hiyo ni tundu, Mungu ndiye alitoboa. Mzinga ni kitu mtu amechonga, akaupandisha mti, akaufunga. Hapo ndio mti unakuwa na mwenyewe. Ukiufunga, hata mimi siwezi kukata. Hata chifu hawezi."

"Hata kama ni wa mwanamke?"

Akacheka mpaka kunde ikamwingia vibaya.

"Mwanamke! Mwanamke atapanda mti, kwanza?"

"Nauliza tu."

"Hata kama ni wa nyani, bora umefungwa." Akainuka, akapangusa mikono kwa suruali. Kwa sikio la kushoto bado kulikuwa na nta. "Mama, nimeshiba. Kesho saa mbili msishangae kelele."

Akaenda. Nilibaki nimekaa, nimekasirika mpaka machozi yanataka kutoka, na hiyo kitu inanikasirisha zaidi. Nilikuwa nafikiria yule malkia wa kwanza akijikokota kwa mbao. Huyu wa mukau pia hataweza kuruka. Pawa itapita, mti utaanguka, wenzake wataweza kupaa wakitaka, yeye atabaki ndani, na hawatamwacha, nawajua. Watakaa hapo kwa mbao iliyolala mpaka sisimizi wafike. Na safari hii sitaweza kusema sikujua.

Nikamsikia cucu kwa stoo. Kulikuwa na sauti ya kitu kinamwagika, kavu, nyingi, kama mvua kwa bati. Nikaenda kuangalia. Alikuwa amepiga magoti, anamwaga mbegu ya kunde kwa karai, kutoka kwa lile gogo lake fupi ambalo limekuwa nyuma ya mlango maisha yangu yote na limefungwa na kifuniko cha mbao pande mbili. Nilikuwa nalijua kama kitu ya kunde. Alipolikung'uta na kuligeuza kwa mwanga wa tochi ya simu yangu, nikaona katundu kamoja kwa kifuniko, kamezibwa na kitambaa.

"Cucu, hii ni mzinga."

"Kwani ulidhani ni nini?"

"Wa nani?"

"Wangu. Babu yako alinichongea nikiwa na mimba ya huyo anayekimbizwa na nzi. Akasema niweke mbegu, panya wasile. Hakuna mtu amewahi kuniuliza kama ni mzinga, na mimi sikuwa na sababu ya kuwaambia." Akavuta kitambaa kwa tundu akakitupa. Alama ya nyumba haikuwepo. Kulikuwa na mistari aliyochora cucu mwenyewe, imelala kama ukili wa mkeka. "Mkono wa anko yako ukigusa hii kuishusha, ananishusha mimi. Anajua laana ya mama inaleta nini."

Nikamwambia sijawahi kupanda mti tangu nivunje mwiko kwa mpapai nikiwa na miaka tisa na kuchapwa.

"Nani alikuambia upande na sketi?" akasema. "Vaa ile suruali yenu ya michezo. Na usifunge na kamba, kamba inaoza. Funga na waya, pale mti unagawanyika. Ukianguka, anguka upande wa mchanga."

Akaenda kulala, hakuna la zaidi. Mimi nikakata waya kutoka kwa ua wa kuku, urefu wa mikono minne, nikaiweka juu ya gogo. Nikaamua hivi: kesho nitaamka kabla ya jogoo, nivae suruali ya michezo, nijifunge mzinga wa cucu mgongoni kama mzigo wa kuni, nishuke mpaka kwa mukau, nipande. Nitaufunga mara tatu pale mti unagawanyika. Halafu sitashuka. Nitakaa huko juu kando ya mzinga, miguu inaning'inia, mpaka saa mbili, fundi afike na pawa yake na anko nyuma yake, nimsalimie vizuri kwa heshima kutoka huko.